Maua ya Nkambo na Mashimo Yangu

Likasi, Jumamosi mchana

Merveille wangu,

Wakati huu uko kwa Mama Chantal, umekaa chini kati ya magoti yake, unasukwa. Mimi ndiye niliyemwomba akusuke zile nyembamba, zile zinazokula saa nne nzima, ili nipate nafasi ya kuandika. Usimkasirikie. Aliniuliza, "Juu ya nini nyembamba, na mutoto anasema anataka kubwa-kubwa?" Nikamjibu, "Mama Chantal, weye suka tu. Minye niko na kazi."

Mambo ya sabuni, ya chumvi, ya kutolala na dirisha wazi, nimeyasema wiki nzima mpaka baba yako akaniomba nipumzike. Humu sitayarudia. Nakuandikia Kiswahili cha masista, kile cha darasani, uone kwamba miaka yangu sita kule haikupotea. Sista aliyetufundisha alikuwa anachukua daftari langu na kwenda kulionyesha darasa la juu. Hilo unalijua, nimekwambia mara nyingi. Lakini kuna jambo moja ambalo sijakwambia hata mara moja, na ndilo limenikalisha kwenye meza hii na kalamu mkononi.

Jumapili iliyopita, baba yako aliporudi kutoka kazini Koni akasema utafikia kwa mjomba wako, Yomba Mwansa, kule Kolwezi, uliweka chini tonge la bukari.

"Kwa ule panya?" ulisema. "Ule aliharibu shamba ya Nkambo? Papa, heri nilale ku parking ya mabasi."

Baba yako alicheka. Mimi niliinuka nikaenda kuchochea moto ambao haukuwa na shida yoyote. Kesho mchana utabisha mlango wa ndugu yangu, na naogopa utaingia nyumbani mwake na uso ule ule. Na akikuona na uso ule, hatasema kitu. Ndivyo alivyo. Atabeba tu, kama alivyobeba miaka yote hii.

Acha kwanza nijisifu kidogo, maana nikianza na aibu sitafika mwisho wa karatasi.

Nani mwingine katika mtaa wetu ana binti aliyeitwa kwenda kupanda mimea juu ya vilima vya takataka za migodi? Vilima vile vya kijivu ambavyo hata kuku hataki kukanyaga, wewe utavifanya viote majani! Siku ile karatasi yako ya kazi ilipofika, nilizunguka nayo sokoni kuanzia wauza samaki hadi wauza mkaa. Nilipofika kwa muuza chumvi akaniambia, "Mama Merveille, ile karatasi tuliisoma jana." Nikamwambia, "Isome tena. Leo iko tamu zaidi."

Na shuleni kwako! Mwalimu alipowaonyesha picha ya lupini, ua la nchi za baridi, refu, lililosimama kama mshumaa wa Pasaka, akasema linapandwa ili kulisha udongo uliochoka, nani alisimama? Wewe. Ukasema, "Monsieur, ile iko ndugu ya maua ya Nkambo wangu." Darasa zima likacheka, na mwalimu akasema ni kweli, ni jamaa moja, hilo la kwenu ni krotalaria. Ulinionyesha picha ile kwenye simu. Ni ua zuri, sikatai, na rangi yake ya zambarau ingefaa kitambaa cha kwaya. Lakini nilikuuliza kama mbegu za lupini zinaimba, nawe ukasema hujui. Za kwetu zinaimba. Maganda yakikauka, mbegu zinalia ndani kama manyanga. Ulikuwa unamfuata bibi yako Nkambo shambani ukiyatikisa, yeye analima, wewe unapiga muziki. Wakati ule wote nadhani ndipo kazi yako ilipoanza, si kwenye ile shule.

Haya. Sasa jambo lenyewe.

Unajua kwamba mimi ni mtoto wa mtu aliyebeba magunia ya mawe kwa wapimaji wa vilima. Babu yako alinifundisha kusoma ardhi kabla masista hawajanifundisha kusoma kitabu. Alisema: pale miti inapokataa kuota na maua madogo yanakubali, chini kuna kitu. Kuna ya zambarau yanayopenda shaba. Kuna ya njano yanayopenda kobalti. Huku kwetu hata mtoto wa Kamatanda anayejifunza kutembea anajua hayo. Mimi nilijivuna kwamba nayajua kuliko wote.

Shamba la Nkambo, mama wa baba yako, unalijua lilipo, upande wa njia ya Kakontwe, baada ya vumbi la machimbo ya chokaa. Nilipoolewa sikuwa mtu wa jembe. Nilikuwa mtu wa soko, viatu safi, kitenge kimepigwa pasi. Shambani nilienda wakati wa mavuno tu, kubeba. Niliona kwamba yule mama kila mwaka anaacha upande mmoja bila mahindi, mwaka huu upande huu, mwaka kesho mwingine, na sikuuliza kwa nini. Naye hakuwa mtu wa kueleza. Maneno yake kwa siku nzima ungeweza kuyafunga kwenye leso.

Ulipokuwa na miaka sita, alikwenda kwao kwenye kilio, akakaa mwezi mzima, akakuchukua wewe pamoja naye. Mimi aliniachia neno moja: "Angalia mbuzi wasiingie." Nikaenda kuangalia mbuzi. Merveille, ule upande aliouacha bila mahindi ulikuwa wa njano mtupu! Maua mpaka kifuani kwangu, nyuki wakubwa weusi wanaingia na kutoka. Nilisimama pale na moyo unanipiga. Nikajisemea: kumbe! Ndiyo sababu bibi huyu hapandi mahindi huku. Anaficha kobalti.

Usicheke. Najua unacheka.

Nilimtumia habari ndugu yangu Mwansa, mdogo wangu anayenifuata, wakati ule alikuwa kijana anachimba madini Kamatanda. Alikuja asubuhi na baiskeli, sururu imefungwa nyuma. Alisimama kwenye maua, akakata moja, akalinusa, akaanza kucheka.

"Yaya, haya haiko yenyewe."

"Weye ulizaliwa jana. Minye nilifundishwa na baba."

"Hata minye alinifundisha. Yenyewe iko mafupi, haipite magoti. Tena inaota pahali majani ingine inakufa. Angalia hapa! Majani iko mingi, nyungunyungu iko na mafuta sawa nguruwe. Na tena, yaya, angalia muzuri, haya iko mustari. Nani alipanda mustari mu pori?"

Nilitazama. Ilikuwa kweli, ilikuwa mistari. Macho yangu yaliiona kabisa, na kiburi changu kikasema hayakuiona.

"Mwansa, minye ni nani kwako?"

"Yaya."

"Basi chimba."

Akachimba, maana mimi ndiye dada mkubwa na ndivyo tulivyolelewa. Na mimi nilichimba pamoja naye, mwanangu, usidhani nilikaa kivulini. Tuling'oa yale maua kwa mafungu tukayatupa njiani yakanyagwe na watu. Tulitoboa mashimo matano. Udongo mweusi wa juu, ule ambao Nkambo alikuwa anautengeneza kabla mimi sijaolewa, tuliutupa upande mmoja, kisha udongo mwekundu wa chini ukaja ukaufunika. Na kila shimo lilipofika mahali kichwa cha Mwansa kinapotea, sururu iligonga jiwe jeupe. Chokaa! Chokaa ile ile ambayo Kakontwe nzima imekalia na kila mtu anajua. Shimo la kwanza chokaa, nikasema tujaribu la pili. Ndivyo tulivyofika matano.

Siku ya mwisho nilikwenda mtoni kunawa, nikavaa kitenge kingine. Niliporudi, kumbe mmeshuka kwenye lori pale njiani, wewe na Nkambo, mkaja moja kwa moja shambani kabla ya nyumbani, maana alitaka kuona maua yake. Mwansa alikuwa ndani ya shimo. Mimi nilikuwa juu, safi kama mtu wa kwenda misa.

Nkambo alitua kikapu chake polepole.

"Nani alifanya hii?"

Mwansa aliniangalia mara moja. Mara moja tu. Kisha akasema, "Ni minye, mama. Nilizani iko kobalti."

Na mimi, Merveille, mimi ambaye hata padre ameniomba niwaachie wengine nafasi ya kusema kwenye mkutano wa akina mama, mimi nilinyamaza.

"Panya ya Kamatanda!" Nkambo alimwambia. Sikuwahi kusikia sauti yake imepanda hivyo. "Mulimaliza kula milima, sasa munakuja kukula na shamba ya muke muzee?"

Hapo wewe uliokota donge la udongo ukamrushia. Lilimpata begani. "Panya!" ulipiga kelele, "Yomba Panya!" Alijipangusa, akaniangalia tena, akatabasamu. "Huyu mutoto iko na mukono muzuri," alisema. Jina lile likamganda tangu siku ile, na kila ulipolitamka mezani kwangu lilinichoma, nami nikakuongezea mboga ya sombe kwenye sahani.

Baadaye nilimfuata kwenye baiskeli yake. "Juu ya nini ulisema vile?"

"Yaya," akasema, anakaza kamba ya sururu, "weye utabakia kuishi naye mu nyumba moja. Minye niko na baiskeli."

Alirudi wiki nzima kufukia mashimo, peke yake, Nkambo amekaa kwenye jiwe anamtazama bila kumpa hata maji. Lakini hakuna anayeweza kurudisha udongo ulivyokuwa. Ule mwekundu ulibaki juu. Msimu ule tulipanda mahindi pale yakafika magotini, yakageuka njano kama mgonjwa wa ini, yakakaa hivyo. Mvua zikaanza kuchukua hata kile kidogo kilichobaki.

Ndipo Nkambo alipofungua fundo la kitenge chake, akatoa mbegu za yale maua. Alikuwa na mabinti zake wawili pale, na wake za wanawe wengine. Akanipa mimi.

"Weye ndiye utapanda," alisema. "Kila shimo. Na mikono yako."

Nilijisifu mtaa mzima kwamba amenichagua mimi kati ya wote. Ilinichukua miaka, na siku moja nikiwa nimeinama pale lilipokuwa shimo la tatu, nikajiuliza: kama aliamini ni Mwansa, kwa nini hakumpa Mwansa mbegu? Nikakumbuka kwamba siku ile aliponipa alishika kiganja changu akakigeuza juu, akakitazama. Malengelenge ya sururu yalikuwa yamekauka lakini alama zake zilikuwa bado. Mwanamke yule alijua. Alijua tangu mwanzo, akaningojea niseme. Alikufa bado ananingojea.

Lakini kupanda nilipanda, na hapo lazima unisifu. Alinifundisha bila maneno mengi. Kupanda kwa mistari, karibu-karibu, ili majani yafunike ardhi na mvua isiione. Kung'oa mmea mmoja na kuangalia mizizi, vile vivimbe vidogo, kupasua kimoja kwa kucha, na kikiwa chekundu ndani kujua kwamba kazi inaendelea. Kilichonishinda ni kukata. Alinituma nikate siku maua yalipofunguka yote, siku ambayo shamba zima lilikuwa kama limevaa kwa ajili ya harusi. Nikamwambia, "Mama, tungojee kidogo, iko muzuri sana." Akasema, "Ikizaa, nguvu inaenda ku mbegu. Kata sasa." Nikakata huku nalia, yeye akicheka, mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka. Tukaacha mstari mmoja tu pembeni kwa mbegu, na nyuki, na wewe na manyanga yako. Yaliyobaki tukayafukia.

Misimu mitatu. Wa nne, mahindi yalinipita kichwa, na unajua mimi si mfupi. Mahali pale pa mashimo ndipo leo ninapotoa nyanya ambazo wanawake wanazigombania kabla sijatua kikapu. Nyanya za wenzangu mizizi inavimba na kuoza, zangu hapana, kwa sababu maua yalipita pale kwanza. Wanakuja kuniuliza siri. Nawaeleza yote, tena kwa mikono miwili, nawaonyesha mizizi, nawapa mbegu. Ninachoruka ni mwanzo wa hadithi. Mwanzo nasema, "Kulikuwa na panya mmoja wa Kamatanda," nao wanacheka.

Ndiyo, mwanangu. Hata juzi nilisema hivyo.

Na zile buti za mvua ulizovaa miaka yote ya shule, zile ulizozipaki kwanza kabla ya nguo, baba yako hakuzinunua. Zilikuja na dereva wa lori kutoka Kolwezi, zimefungwa kwenye gazeti, na neno moja: za yule mutoto wa maua. Niliogopa ungezikataa ukijua zimetoka kwa nani. Nikasema ni za baba yako. Unaona uongo unavyozaa. Wa kwanza haukuwa hata na maneno, ulikuwa kunyamaza tu, na angalia watoto wake.

Mwansa aliacha kuchimba. Alisema siku moja kwamba kila akipiga sururu alikuwa anamwona Nkambo amekaa kwenye jiwe. Sasa anatengeneza pikipiki, ana mke mpole na nyumba yake mwenyewe, na nyuma ya nyumba kipande cha ardhi ambacho kimekataa hata mboga ya lengalenga. Sikukuu ya Noeli anakuja akiwa na haraka, anasema kazi ni nyingi, anakula amesimama. Nilidhani hatupendi. Kumbe anakwepa jicho lako.

Juzi nilimpigia simu. Nikamwambia, "Nitamwambia mutoto kila kitu."

Akasema, "Yaya, muache. Minye nimezoea kuwa panya."

"Hapana. Nimechoka."

"Sasa nikiacha kuwa panya, mu Noeli mutanichekea nini?"

"Tutapata kintu."

Akacheka. Lakini alipocheka nilisikia anavuta kamasi, na yeye hana mafua, ni mtu wa kuoga maji baridi. Akaniuliza, "Atanisalimia?" Mwanamume ana ndevu nyeupe kidevuni, Merveille, ananiuliza kama mtoto wangu atamsalimia.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini kabisa ya mfuko wako, katikati ya sketi, uisome ukiwa umeshafika Kolwezi. Nikaona huo ungekuwa ujanja wangu ule ule, kunawa na kusimama juu ya shimo nikiwa safi. Ungeisoma baada ya kuingia kwake na uso mbaya, na mimi ningekuwa mbali. Kwa hiyo nakupa leo, hapa, nikiwepo. Ukitaka kunikasirikia, bado tuna jioni nzima, na mimi ninastahili.

Kuna vifundo viwili nimefunga kwenye kitenge changu cha buluu. Kikubwa ni cha kazi yako, cha vile vilima vya kijivu. Wakubwa wako watakuwa na mbegu zao kwenye magunia yenye karatasi, lakini jaribu na hizi pembeni, zimezoea udongo uliofanyiwa ubaya. Kidogo ni cha Mwansa, cha nyuma ya nyumba yake. Usimwachie apande peke yake. Panda naye, na siku ya kukata umshike mkono, maana atalia kama dada yake.

Mimi niko sawa. Usidhani nakuandikia nikiwa na huzuni. Nimepika, nyumba inanukia samaki wa kukaanga, binti yangu anaenda kuvisha vilima majani, na kwa mara ya kwanza tangu ulipokuwa na miaka sita nitakula bukari nikikutazama usoni. Nani mtaani anaweza kusema hivyo?

Nasikia sauti yako pale kwa Mama Chantal, unamuuliza kama amemaliza. Naiweka barua kwenye sahani yako, juu kabisa.

Ukimaliza kusoma, usije kwangu kwanza. Simu yangu iko kando ya sahani, namba yake ndiyo ya kwanza. Mpigie. Mwite Yomba Mwansa, jina lake lote. Mimi nitakuwa nje natwanga sombe, nitatwanga kwa nguvu ili muongee kwa uhuru.

Kinu kikinyamaza, ujue nasikiliza.

Mama yako